Mama Anapokimbia kwa Ajili ya Mtoto wa Mwenzake

   Popote ulipo, Kayole, Dandora, Umoja, Huruma, Kariobangi, Makadara au Buruburu, vuta kiti, punguza moto wa jiko, tusikilizane.

Leo tunazungumza juu ya mbio. Najua kuna mama ameshaanza kucheka. Anasema, "Mimi nikimbie nini tena, na kukimbilia matatu kila asubuhi kunanitosha?" Ngoja kidogo. Sisemi mbio za kutafuta medali. Nasema zile mbio ambazo watu wa kawaida hulipa ili wakimbie, na pesa hizo zikaenda kumtibu mtoto ambaye wazazi wake hawana uwezo.

Nairobi tunazijua mbio za aina hii kwa muda mrefu. Hospitali ya Mater, ile iliyo South B, imekuwa na mbio zake za moyo kwa miaka mingi. Unanunua fulana, unaivaa, na siku ya mbio unakimbia au unatembea pamoja na maelfu ya wenzako. Pesa hukusanywa kwa ajili ya upasuaji wa watoto wenye ugonjwa wa moyo kutoka familia zisizojiweza. Kisha mwaka wa 2003 zikaanza mbio za Standard Chartered Nairobi Marathon. Kwa miaka mingi ya mwanzo watu walikusanyika Uwanja wa Nyayo, na sehemu ya pesa za mbio hizo ilikwenda kwa mradi ulioitwa Seeing is Believing, wa kuzuia upofu. Hapa kwetu walilengwa sana watoto wadogo, ambao upofu wao ungeweza kuzuiwa au kutibiwa.

Kwa hiyo ni moyo na macho. Viungo viwili ambavyo mtoto akizaliwa na kasoro navyo, mama wa Huruma mwenye kibanda cha mboga hawezi kulipia matibabu yake peke yake, hata akiuza sukuma wiki mwaka mzima. Sisi Wakenya tunaijua harambee. Hizi mbio ni harambee ya miguu.

Lakini kuna jambo ambalo halisemwi sana siku ya mbio, na ndilo lililonifanya nichague mazungumzo haya. Pesa zinaweza kukusanywa za kutosha. Daktari anaweza kuwa tayari na kitanda kiko wazi. Na bado mtoto akafika akiwa amechelewa. Hakuna mbio zinazoweza kununua miezi iliyopotea. Anayeweza kuiokoa miezi hiyo ni yule anayemuogesha mtoto, anayemnyonyesha na kumbeba mgongoni. Huyo ni wewe.

Tuanze na macho. Umesikia juu ya mtoto wa jicho. Wengi hufikiri ni ugonjwa wa wazee tu, wa babu kule ushago asiyeona mbuzi wake. Sivyo. Hata mtoto mchanga anaweza kuzaliwa nao. Ndani ya jicho, nyuma ya ile mboni nyeusi, kuna kitu kama kioo kinachopitisha mwanga. Kioo hicho kikiwa na ukungu, mwanga haupiti vizuri.

Sasa sikiliza tofauti iliyopo kati ya mzee na mtoto. Mzee alijifunza kuona zamani. Ukungu ukiondolewa, hata baada ya miaka, anaona tena. Mtoto mchanga bado hajajifunza. Ubongo wake ndio unajifunza kuona katika miezi na miaka ya kwanza, na unajifunza kwa kupokea picha kutoka machoni. Picha zisipofika, ubongo unaacha kulitumia jicho hilo. Baadaye daktari anaweza kuuondoa ukungu, jicho likawa safi kabisa, na mtoto bado asione vizuri kwa sababu ubongo haukufunzwa. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa na ukungu mzito hupaswa kufika kwa daktari wa macho katika majuma ya kwanza ya maisha yake. Asingoje atembee, wala asingoje afike umri wa nasari.

Utamtambuaje? Mtazame mtoto wako mahali penye mwanga mzuri, karibu na mlango au dirisha. Katikati ya jicho panapaswa kuwa peusi. Ukiona peupe, au pa kijivu, au panang'aa kama jicho la paka usiku, usingoje. Siku hizi simu nazo husaidia. Ukimpiga mtoto picha kwa taa ya simu, mara nyingi macho hutokea mekundu. Jicho moja likitokea jekundu na jingine jeupe, na hasa ukiliona hivyo zaidi ya mara moja, mpeleke hospitali na uende na picha hiyo, umwonyeshe daktari. Weupe ule unaweza kuwa mtoto wa jicho. Unaweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo huwapata watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka mitano. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema mtoto hupona, na mara nyingine hata jicho huokolewa. Ikichelewa huua. Sikwambii haya ili usilale. Nakwambia kwa sababu mama ndiye huuona weupe huo kabla ya mtu mwingine yeyote, halafu anaambiwa na majirani kwamba utaisha wenyewe.

Kuna dalili nyingine. Mtoto wa miezi mitatu ambaye hafuati uso wako unaposogea. Macho yanayochezacheza bila kutulia. Makengeza yanayoendelea baada ya miezi minne. Usimcheke mtoto mwenye makengeza, wala usiseme ni urithi wa upande wa baba yake; mpeleke apimwe. Na jicho linaloonekana kubwa kuliko kawaida, lina ukungu, linatoa machozi na kuogopa mwanga, hiyo inaweza kuwa presha ya macho, nayo haingojei.

Tafadhali, usitie kitu jichoni. Maziwa ya mama, sukari, mate, majani yaliyosagwa, dawa ya matone iliyobaki ya jirani, vyote hivyo viache. Nawajua shosho wanaonisikiliza wana maoni yao kuhusu maziwa ya mama, na nawaheshimu, lakini maziwa ni ya kunywa. Mtoto mchanga akitoa usaha machoni siku za kwanza baada ya kuzaliwa, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Na kuna upofu ambao hauhitaji mbio wala upasuaji ili uzuiliwe. Matone ya vitamini A hutolewa bure kliniki kila baada ya miezi sita, tangu mtoto akiwa na miezi sita hadi afike miaka mitano. Wengi wetu tukimaliza chanjo ya miezi tisa tunakiweka kile kijitabu cha kliniki chini ya godoro na hatukitoi tena. Kitoe. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi tisa, halafu tena mwaka mmoja na nusu. Surua huharibu macho ya mtoto mwenye upungufu wa vitamini A. Rubela nayo, ikimpata mama mjamzito katika miezi ya mwanzo, inaweza kumfanya mtoto azaliwe na mtoto wa jicho, au na kasoro ya moyo, au asiyesikia.

Hapo tumefika kwenye moyo. Mtoto mchanga mwenye kasoro ya moyo mara nyingi humtambua anaponyonya. Ananyonya kidogo anaacha, anahema, anatokwa na jasho kichwani kama aliyetoka kupanda ghorofa, kisha analala kwa uchovu kabla hajashiba. Haongezeki uzito. Anapata nimonia mara kwa mara. Mwingine midomo na ulimi hugeuka rangi ya samawati anapolia. Muuguzi akikwambia kwamba amesikia sauti isiyo ya kawaida kwenye moyo wa mtoto, usikate tamaa wala usitoroke. Si kila sauti ni ugonjwa, lakini kila moja inastahili kuangaliwa na daktari wa watoto.

Kuna ugonjwa mwingine wa moyo ambao mtoto hazaliwi nao. Anaupata hapa hapa kwetu, katika vyumba tunavyolala watu sita. Huanza kama koo. Mtoto wa shule, kati ya miaka mitano na kumi na mitano, anaumwa na koo, ana homa, kumeza ni shida. Mama ananunua vidonge viwili vya maumivu dukani, koo linapoa, mambo yanasahaulika. Baada ya majuma mawili au matatu magoti yanavimba, leo goti, kesho kifundo cha mguu. Watu wanasema ni kukua. Kumbe mwili uliokuwa unapigana na viini vya koo umeanza kuushambulia moyo, na vali zake, ile milango midogo ya kupitisha damu, zinaharibika. Vali ikiharibika sana inahitaji upasuaji wa gharama kubwa mno, na baadhi ya watoto wanaohitaji msaada wa mbio za moyo ni hawa. Na dawa ya koo lile ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ikitolewa na mhudumu wa afya na kumalizwa yote kama alivyoagiza. Mimi nafurahi watu wanapokimbia ili mtoto abadilishiwe vali. Ningefurahi zaidi mtoto yule angepata penisilini yake mapema.

Basi, umemtazama wako na yuko salama, na sasa unataka kukimbia kwa ajili ya wa mwenzako. Vizuri sana. Tuzungumze juu ya mwili wako.

Usiogopeshwe na neno marathoni. Marathoni kamili ni kilomita 42 na mita 195, karibu sawa na kutoka mjini hadi Thika. Hiyo waachie waliojiandaa kwa miezi mingi. Mbio hizi huwa pia na masafa mafupi, na mama mwenye kazi zake anaweza kuanza na ile mbio ya familia, au kilomita kumi, na akatembea sehemu kubwa ya njia. Hakuna atakayekufukuza. Pesa uliyolipa itafanya kazi ile ile, uwe wa kwanza au wa mwisho.

Ukiwa na majuma kumi kabla ya siku yenyewe, yanatosha. Juma la kwanza tembea kwa haraka nusu saa, siku tatu kwa juma. Juma la pili na la tatu, changanya: tembea dakika nne, kimbia moja. Ongeza kidogo kidogo. Kipimo ni mdomo wako: ukikimbia na huwezi kumaliza sentensi moja ukizungumza na mwenzako, umezidisha. Punguza.

Kukimbia wapi? Hilo ni swali la kweli kwa mtu wa Eastlands. Jogoo Road na Outer Ring kuna moshi wa magari tangu alfajiri, na ukikaa Dandora au Korogocho unajua moshi wa jaa la taka ulivyo. Moshi ukiwa mzito siku hiyo, usikimbie. Fanya kazi zako. Tafuta uwanja wa shule au wa kanisa, au uwanja kama Camp Toyoyo kule Jericho, mzunguke. Na usitoke peke yako kabla ya mapambazuko. Nendeni wawili au watatu. Ikiwa mko kwenye chama, mkutano mmoja kwa mwezi ugeuzeni kuwa matembezi, na hesabu ya pesa mtaifanya mkirudi.

Viatu ndivyo vya kutumia pesa kidogo. Si lazima viwe vipya. Gikomba kuna raba nzuri za mitumba. Chagua zenye soli ambayo haijalika upande mmoja, na ziache nafasi ya kidole mbele. Sandali na raba za kitambaa zitakuumiza magoti. Sidiria nayo iwe ya kubana vizuri, hasa kama unanyonyesha, na umnyonyeshe mtoto kabla hujatoka. Mazoezi hayaharibu maziwa.

Kama umejifungua karibuni, tembea tu taratibu mpaka upimwe kliniki majuma sita baada ya kujifungua. Kukimbia kungoje miezi mitatu hivi, na uliyepasuliwa usianze kabla daktari hajakuruhusu. Ukikimbia na mkojo ukavuja, usione haya wala usinyamaze. Mwambie muuguzi, kuna mazoezi ya kuikaza misuli ya chini. Msidhani kwamba kuzaa kunamaliza miguu. Catherine Ndereba alimzaa binti yake mwaka wa 1997. Marathoni ya Boston aliishinda mara nne, na zote nne, mwaka wa 2000, 2001, 2004 na 2005, alikuwa tayari mama. Faith Kipyegon alijifungua mwaka wa 2018, kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 kule Tokyo mwaka wa 2021 na Paris mwaka wa 2024. Hao ni mabingwa, wana makocha na madaktari, nasi hatujifananishi nao. Lakini mama mkwe akikwambia mwanamke aliyezaa hakimbii, umepata la kumjibu kwa heshima.

Mjamzito atembee akiruhusiwa na kliniki, asikimbie kwenye msongamano. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo apimwe kwanza. Mwenye pumu abebe pampu yake mfukoni, asimpe mtu amshikie. Na ukikimbia ukapata maumivu ya kifua, au kizunguzungu, au moyo ukaenda mbio usitulie, simama hapo hapo na uombe msaada. Siku ya mbio huwa na wahudumu wa huduma ya kwanza njiani.

Jioni ya kuamkia mbio kula chakula ulichokizoea, ugali au githeri, usijaribu kitu kipya. Asubuhi, uji au chai na mkate, saa mbili kabla ya kuanza. Kunywa maji kidogo kidogo njiani. Mtoto mchanga usimbebe mgongoni ukikimbia. Mwache na mtu unayemwamini. Mtoto wa shule anaweza kuja nawe kwenye mbio ya familia. Mwandikie namba yako ya simu ndani ya fulana yake, maana umati ule ni mkubwa.

Sasa pesa. Hapa naomba uwe makini. Mtu akija mlangoni na kadi ya mchango akasema ni ya mbio za watoto wagonjwa, muulize ni mbio zipi, hospitali gani, na risiti iko wapi. Usimtumie mtu pesa kwa namba yake ya simu ya binafsi. Jiandikishe kwa waandalizi wenyewe. Na kila mwaka uliza pesa zinakwenda wapi, kwa sababu hubadilika. Zile za Nairobi Marathon, kwa mfano, zilikuwa za macho kwa miaka mingi, na baadaye zikaelekezwa kwa mradi wa Futuremakers, wa kuwasaidia vijana kupata ujuzi na kazi. Nao ni mradi mzuri. Lakini ukitaka shilingi yako iende kwenye moyo wa mtoto au jicho la mtoto, hakikisha kabla hujalipa.

Na je, kama ni mtoto wako ndiye anayehitaji? Usianze kwa kutafuta waandalizi wa mbio. Anza na kituo cha afya cha mtaa, au mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwako. Watakupa barua ya rufaa kwenda Mama Lucy Kibaki, au Kenyatta. Kwa macho ya watoto kuna pia Hospitali ya Kikuyu, na Lions SightFirst kule Loresho. Ukifika, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Watu wa ofisi hiyo ndio wanaojua kuna mpango gani wa kusaidia, na ndio wanaoandika majina. Wengi wetu hurudi nyumbani baada ya kuambiwa bei na karani, bila kujua kwamba kuna mlango mwingine.

Tena jiandikishe kwa bima mapema. Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua mahali pa NHIF. Unajiandikisha kwa simu kwa kupiga *147#, na kujiandikisha ni bure. Waandike watoto wako wote chini ya jina lako, pamoja na yule mdogo wa juzi. Kama hana cheti cha kuzaliwa, beba ile karatasi ya kujifungulia na uanze kukitafuta juma hili.

Ukishapewa tarehe ya daktari, itunze kama unavyotunza tarehe ya kodi ya nyumba. Hata baada ya upasuaji wa jicho, mtoto atahitaji miwani, na huenda lile jicho zima likafunikwa saa kadhaa kila siku ili lile lililokuwa gonjwa lifanye kazi. Atalia na kuing'oa plasta. Mrudishie. Mwalimu wake wa nasari naye aambiwe, asije akamvua akidhani ni kidonda.

Tutakutana tena juma lijalo, saa kama hii, tuzungumze juu ya kikohozi cha mtoto. Kwaheri mama.